Akifukuzwa kwao, nani atampa jembe?

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize. Mtu akifukuzwa kwao, huenda wapi? Najua jibu lako kwa sababu ni langu pia. Huenda kwa shangazi. Shangazi akikosekana, huenda kwa nyanya, na nyanya hana swali ila lile la "umekula?" Hapo pakishindikana kuna kanisa au msikiti, kuna akina mama wa chama, kuna jirani mwenye chumba cha nyuma. Sisi Waafrika tunajivunia kwamba kwetu hakuna mtu asiye na pa kwenda, na mimi naamini fahari hiyo ina msingi wake.

Sasa nikuongezee swali la pili, nalo ni gumu kidogo. Mtu huyo akiwa amefukuzwa kwa sababu anampenda mtu wa jinsia yake, je, milango hiyo bado iko wazi? Aghalabu haiko. Shangazi amekwisha kupigiwa simu. Nyanya ameambiwa asijitie. Mhubiri amekwisha hubiri. Na mtu huyo akiwa ng'ambo, katika miji ya Wazungu, anakuta mlango mwingine unaofungwa, mara hii kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Wenye rangi kama yake wamemfungia kwa ajili ya mapenzi yake, na wenye mapenzi kama yake wamemfungia kwa ajili ya rangi yake. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo.

Kabla sijaenda mbali, nina neno kuhusu maneno. Pwani, mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga", na hapana ubaya wowote. Ni neno la kahawa na mahamri. Neno hilohilo likirushwa kwa mwanamume barabarani, huwa jiwe. Kwa hiyo mimi nitasema wapenzi wa jinsia moja. Ni maneno marefu, lakini hayamtoi mtu damu.

Huenda ukajiuliza mama wa umri wangu anatafuta nini katika habari hizi. Jibu ni fupi. Kaka yangu ana binti anayeishi London, ni muuguzi. Mwaka 2017 aliwaambia wazazi wake kwamba mwenzi wake wa maisha ni mwanamke. Tangu siku ile kaka yangu akawa halitaji jina lake. Mama ya msichana akawa anampigia simu akiwa shambani, mbali na masikio ya watu. Mimi ni shangazi. Katika desturi yetu shangazi hakai upande wa baba wala upande wa mtoto. Kazi yake ni kuhakikisha kuna mlango mmoja usiofungwa. Basi nikaanza kumuuliza maswali, naye akanijibu. Jambo moja aliloniambia lilinishangaza: "Shangazi, mimi sikufika hapa nikakuta jangwa. Kuna watu walitutangulia wakatuwekea viti." Nikataka kuwajua watu hao. Leo nataka nawe uwajue.

Tuanze na Marekani, mjini Los Angeles. Mwaka 1973 mwanamke mweusi aitwaye Jewel Thais-Williams alinunua baa katika barabara ya Pico. Wakati huo vilabu vya usiku vya wapenzi wa jinsia moja wa Kizungu vilikuwa na ujanja wao mlangoni. Hapakuwa na tangazo kwamba Weusi hawatakiwi. Mzungu aliombwa kitambulisho kimoja, au hakuombwa kabisa. Mtu mweusi aliombwa viwili, hata vitatu. Nani huenda kucheza dansi na vitambulisho vitatu mfukoni? Sisi Wakenya, ambao babu zetu walivishwa kipande shingoni wakati wa mkoloni, hatuhitaji kueleweshwa ujanja huo. Karatasi haiombwi kwa sababu inahitajika. Inaombwa kwa sababu mwenyewe hatakiwi.

Jewel akafungua mahali ambapo mtu mweusi haombwi vitambulisho vitatu. Klabu yake, Jewel's Catch One, ilidumu miaka 42, hadi mwaka 2015. Utasema, ah, kumbe ni baa tu, mambo ya ulevi na muziki. Subiri kidogo.

Mwezi Juni 1981, ripoti ya kwanza ya kitabibu kuhusu maradhi yaliyokuja kuitwa UKIMWI ilichapishwa, nayo ilihusu wanaume watano wa mji huohuo wa Los Angeles. Msomaji wa rika langu anakumbuka hofu ya maradhi hayo ilivyokuwa hapa petu kabla serikali haijayatangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Unakumbuka sahani ya mgonjwa iliyotengwa, kikombe chake kilichowekwa kando, na mazishi ya haraka ambayo hakuna aliyetaja ugonjwa. Basi fikiria hofu ile imfikie mtu ambaye tayari alikuwa ametengwa mara mbili. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba Jewel hakuwa mwuza pombe tu. Yeye na mkewe, Rue, walianzisha makao ya wanawake wenye virusi na watoto wao. Baadaye, akiwa mtu mzima kabisa, alirudi darasani akasomea tiba ya Kichina, na mwaka 2001 akafungua kituo cha afya kando ya klabu yake kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Alifariki Julai 2025 akiwa na miaka 86. Walioomboleza hawakumkumbuka kwa dansi peke yake.

Katika mji huohuo alikuwako Carl Bean, mwimbaji wa nyimbo za injili. Mwaka 1977 kampuni ya Motown ilitoa wimbo wake uliosema wazi kwamba alizaliwa hivyo alivyo. Wimbo ulivuma, naye angeweza kuendelea na muziki akastarehe. Badala yake akawa mchungaji, na mwaka 1982 akaanzisha kanisa la Unity Fellowship kwa ajili ya watu weusi ambao makanisa waliyobatiziwa hayakuwataka tena. Mwaka 1985 akaanzisha mradi wa kuwahudumia Weusi na Walatino wenye UKIMWI. Angalia vizuri hapo, msomaji. Watu hawa hawakumkimbia Mungu. Walifukuzwa kanisani nao wakaenda kujenga kanisa. Mtu anayetaka kumkana Mungu hahangaiki kununua viti vya waumini.

Tuhamie upande wa mashariki wa nchi hiyo, New York, katika mtaa wa Weusi wa Harlem. Huko chama cha Hamilton Lodge kilianza dansi zake za mavazi tangu mwaka 1869, na kufikia miaka ya 1920 maelfu ya watu walifurika kuwatazama wanaume waliojipamba kike wakishindania zawadi. Miaka ikapita, mashindano yakawa mengi, lakini waamuzi wakawa na jicho la rangi. Mwaka 1967 mshindani mweusi aitwaye Crystal LaBeija alipinga hadharani matokeo ya shindano moja, na filamu iliyotoka mwaka uliofuata ilinasa ghadhabu yake. Hakuishia kulalamika. Mapema katika miaka ya 1970 alianzisha mashindano na jamii yake mwenyewe, akaiita nyumba: House of LaBeija.

Neno hilo "nyumba" lilinigusa sana. Kwa Kiswahili, nyumba na mlango si mbao na mawe tu. Ni ukoo pia. Tunasema fulani ni wa nyumba ya fulani, hawa ni wa mlango mmoja. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa Harlem. Kila nyumba ilikuwa na mama yake, nyingine na baba pia, na vijana waliofukuzwa makwao walichukua jina la nyumba hiyo kama vile mtoto anavyochukua jina la ukoo. Mama wa nyumba aliwafundisha kushona na kujipamba, aliwagombeza walipokosea, na wengi hawakuwa na mtu mwingine wa kuwauliza walilala wapi. Watu hao hawakuwahi kusoma kitabu cha mila za Waafrika. Lakini walipopungukiwa na jamaa, walitengeneza ukoo, kama ambavyo mababu zao waliouzwa utumwani walivyolazimika kutengeneza koo upya baada ya kutenganishwa na mama zao.

Sasa tuvuke bahari hadi Uingereza, anakoishi binti yetu. Katika mtaa wa Brixton, London, barabara ya Railton, aliishi mwanamke wa kutoka Jamaika aliyeitwa Pearl Alcock. Alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika miaka ya 1970 alikuwa na duka la nguo, na katika chumba kilicho chini ya duka hilo aliuza pombe isiyo na leseni. Kwa Kikenya chetu tungemwita mama pima. Wateja wake wengi walikuwa vijana weusi waliopenda wanaume wenzao, waliochoka kutazamwa vibaya na Wazungu katika baa za mjini na kutazamwa vibaya na watu wao katika baa za mtaani. Kwa Pearl waliteremka ngazi, wakacheza muziki wa kwao, wakazungumza lafudhi ya kwao.

Baada ya machafuko ya Brixton ya mwaka 1981 biashara ilizorota. Pearl akawa na mkahawa, na stima ilipokatwa aliendelea kuwapokea wateja kwa mwanga wa mishumaa. Uchumi ukabana mpaka siku moja akakosa hela ya kununua kadi ya siku ya kuzaliwa ya rafiki, akachukua karatasi akaichora mwenyewe. Kuchora huko hakukukoma. Mwaka 2005 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la sanaa la Tate Britain, na mwaka uliofuata akafariki. Mimi ninapomfikiria Pearl, simfikirii katika jumba la sanaa. Namfikiria akiwasha mshumaa kwa sababu kuna mtu anayeweza kuja akiwa hana pengine pa kwenda.

Mwaka 2005, katika nchi hiyohiyo, Phyllis Opoku-Gyimah, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi ambaye wazazi wake walitoka Ghana, alishirikiana na wanawake weusi wenzake kupanga safari ya basi hadi ufukweni, Southend-on-Sea. Walitaka siku moja tu ya kukaa pamoja, wale wali wao, wacheke bila kujieleza kwa mtu. Kutokana na matembezi hayo ikazaliwa sherehe iitwayo UK Black Pride, ambayo leo huwakusanya maelfu kwa maelfu. Mwaka 2016 mama huyo alitunukiwa nishani ya heshima ya Uingereza, naye akaikataa. Miongoni mwa sababu alizotoa ni kwamba sheria zinazowaadhibu wapenzi wa jinsia moja katika nchi nyingi za Afrika zililetwa na wakoloni wa Kiingereza. Nitalirudia jambo hilo hapo chini.

Nilikwenda kuiona sherehe hiyo kwa macho yangu. Ilikuwa Jumapili, tarehe 14 Agosti 2022, katika bustani ya Olimpiki ya Queen Elizabeth, Stratford. Nilikuwa nimemtembelea binti yetu. Jua lilikuwa kali siku ile hata mimi wa kutoka Voi nikatafuta kivuli. Palinukia kuku wa kuchoma wa Kijamaika na wali wa Wanaijeria. Nilikuwa nimejiandaa kuona maajabu, na kusema kweli nilichoona zaidi ni watu waliokuwa wakitafuta mahali pa kuketi wale, akina mama wazima wakiwa na viti vya kukunja, na watoto wadogo wakilia kwa sababu ya joto.

Nilikuwa nimevaa leso yangu. Akaja kijana mmoja, nikamjua kwa Kiswahili chake kuwa ametoka Kenya. Akanisalimu kwa adabu, akauliza, "Mama, wewe hapa ni mama ya nani?" Nikamwambia mimi si mama, ni shangazi ya yule pale. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Naweza kupiga picha na wewe? Sina picha hata moja niliyopiga na mtu wa rika lako tangu nitoke nyumbani." Tukapiga. Nilipogeuka, nikakuta wamesimama wengine wanne wanangojea zamu. Msomaji, mimi si mtu mashuhuri. Wale vijana hawakutaka picha yangu. Walitaka picha ya shangazi.

Nimeyatafakari hayo yote, na nimeona kwamba watu hawa wa Los Angeles, Harlem na London wanatufundisha kitu ambacho Waswahili walikisema zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi huitumia methali hii kumsimanga mgeni asiyetaka kuondoka. Lakini itazame upya. Anayepewa jembe ndiye aliyekwisha kuwa mwenyeji. Mgeni hulishwa na kutazamwa. Mwenyeji hupewa kazi, hugombezwa, hutumwa dukani. Kuna tofauti kubwa baina ya kumvumilia mtu na kumkaribisha. Unayemvumilia unamwambia, "kaa hapo, usisumbue." Unayemkaribisha unamwambia, "shika hapa tusaidiane." Jewel aliwapa watu kazi, Carl Bean aliwapa wagonjwa wa kuwatunza, mama wa nyumba Harlem aliwapa sindano na uzi. Ndiyo maana mahali pao palidumu.

Nami nililijaribu jambo hilo nyumbani kwetu. Mwaka 2023, wakati wa mvua za Aprili, mke wa kaka yangu aliaga dunia, yule aliyekuwa akipiga simu akiwa shambani. Jamaa wakakutana. Swali likawa, je, binti aje? Wapo waliosema asije kabisa. Wazee wakaamua kwa huruma, kama walivyoiita, kwamba aje kumzika mama yake, lakini akae nyuma, asizungumze, asisogee jikoni wala mezani. Kwa maneno mengine, avumiliwe.

Sikubishana na wazee. Kwetu, mwenye kusimamia shughuli za matanga upande wa wanawake nilikuwa mimi. Binti alipofika, nilimwachia alie vya kutosha, kisha nikampa daftari la wageni na la michango, nikamwekea meza mlangoni, chini ya turubai. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba karani wetu ni huyu.

Sasa wewe unajua matanga yetu. Kila anayekuja na mchango anataka jina lake liandikwe, na liandikwe sawasawa. Ukitaka jina lako liandikwe, sharti ulitaje. Na ukilitaja, sharti umtazame anayeliandika. Siku mbili nzima ukoo wote, pamoja na wale waliosema asije, walipanga foleni mbele ya meza ile. Mwanzoni walitaja majina wakitazama pembeni. Siku ya pili nilimsikia bibi mmoja mkali akimwuliza kama London kuna baridi. Jioni hesabu ikatolewa, haikupungua hata shilingi moja.

Usiku kabla ya mazishi kaka yangu aliomba daftari. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, miwani puani, huku binti amesimama mbele yake. Kisha akasema, "Hujaandika watu wa Mgange." Binti akajibu, "Wako ukurasa wa nyuma, Baba." Akageuza, akawaona, akaitikia kwa kichwa. Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyoambiana kwa miaka sita.

Sitakudanganya kwamba mambo yametengemaa. Kaka yangu hajabadili mawazo yake, wala mimi sijamwomba abadili. Siku hizi wanapigiana simu Jumapili, wanazungumza habari za mvua na bei ya viazi. Mwenzi wa binti hajatajwa katika simu hizo. Lakini msichana ana baba, na baba ana mtoto, na mwenye kujua ukimya wa miaka sita atakubali kwamba bei ya viazi ni mazungumzo makubwa.

Nawasikia wasomaji wangu wakisema: "Mama, unataka kutuletea mambo ya kigeni." Hoja hiyo naiheshimu, kwa hiyo niijibu. Vifungu vya 162 na 165 vya sheria yetu ya adhabu, vinavyotumiwa dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, tulivirithi kutoka kwa Mwingereza. Mababu zetu hawakuviandika. Mwingereza mwenyewe alianza kuifuta sheria ya namna hiyo kwake mwaka 1967. Mahakama Kuu yetu, tarehe 24 Mei 2019, ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Mahakama ya Upeo nayo, tarehe 24 Februari 2023, iliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba kuwanyima watu hao ruhusa ya kusajili shirika lao ni ubaguzi. Mimi si wakili, na mabishano ya kisheria na ya kidini nawaachia wenye elimu yao. Ninachojua ni kwamba hakuna sheria ya Kenya inayokataza kumpa mtoto wa ndugu yako kiti na sahani. Na kama tunatafuta cha kigeni, basi kwangu mimi kumtupa mtoto nje usiku ndiko kugeni kuliko yote.

Yamkini kijana wa namna hiyo yuko karibu nawe kuliko unavyodhani. Huenda ni mpangaji wako, huenda anaimba katika kwaya yako, huenda ni yule mpwa wa Minneapolis au Doha ambaye haji nyumbani Krismasi na hakuna anayeuliza kwa nini. Huhitaji kufungua klabu wala kanisa kwa ajili yake. Nimejifunza mambo manne, na yote yanawezekana katika nyumba ya vyumba viwili.

Kwanza, usimwombe vitambulisho vitatu. Asiulizwe mlangoni maswali ambayo wengine hawaulizwi: utaoa lini, mbona unavaa hivyo, yule rafiki yako ni nani hasa. Akitaka kusema atasema mwenyewe akishakunywa chai.

Pili, chakula kiwe kimoja na vyombo viwe vilevile. Tulilijua kosa la sahani ya kando wakati wa UKIMWI. Tusilirudie kwa njia nyingine.

Tatu, siri yake ibaki kwako. Mtu akifichuliwa hapa petu anaweza kupoteza kazi, chumba cha kupanga, hata uhai. Karibu yenye uvumi nyuma yake ni mtego.

Nne, na hili ndilo kubwa, mpe jembe. Mpe jukumu lenye uzito, linaloonekana na watu: ushike hesabu ya harusi, umsomee babu magazeti, uwe mlezi wa mtoto siku ya ubatizo kama kanisa lako linaruhusu. Watu wakimzoea katika kazi, watapata taabu kumwita kwa jina la matusi.

Tena uwe mtu wa kupatikana. Jewel alikuwepo miaka 42. Pearl alikuwepo hata bila stima. Mtu aliyefungiwa milango mingi hatabisha hodi siku utakayokuwa tayari. Atabisha usiku, mvua ikinyesha, na huenda akabisha mara moja tu. Ikiwa taa yako inaonekana kutoka barabarani, atakuja. Ukisikia hodi hiyo, usianze na mahubiri. Anza na lile swali la nyanya.

Hadi tukutane tena, nakutakia Jumapili njema.